Funikeni Chupa, Ulimi Useme: Jinsi ya Kuonja Waini na Mbogi Yako Bila Kuringa Wala Kusota

Unaijua hii. Mko kejani kwa mtu, dishi iko kwa meza, na kuna msee mmoja amebeba chupa ya bei. Anazungusha glasi, anafunga macho, anasema kitu kuhusu "mwili" na "mwaloni". Wengine mnaangaliana, halafu kila mtu anasema, "Eeh, hii ni fiti." Ukweli ni kuwa wawili wanatamani soda, mmoja anahisi kama amekunywa strungi iliyolala kwa sufuria, na hakuna anayethubutu kusema.

Waini imetiwa uoga mwingi bure. Kanisani inaitwa divai, gazetini inaitwa mvinyo, mtaani ni waini tu, na pote huko ni juisi ya zabibu iliyochacha. Hauhitaji kozi wala lafudhi ya Runda ndio ujue unayoipenda. Unahitaji marafiki, dishi, chupa chache, na kitu cha kuzifunika. Chupa ikifunikwa, bei na lebo haziwezi kukusemea. Ulimi wako ndio utasema, na utashangaa.

Huu hapa mwongozo mzima, kuanzia mchango hadi kufika nyumbani. Kama haujafika miaka 18, hii si yako bado. Sheria ya Kenya iko wazi kwa hilo.

Kwanza, jua unachokunywa

Zabibu zikishapondwa, hamira hula sukari iliyo ndani na kutoa vitu viwili: pombe na hewa ya kaboni dioksidi. Basi. Hiyo ndiyo waini. Hamira ikimaliza karibu sukari yote, unapata waini kavu, ile ambayo lebo huandika "dry". Ikisimamishwa mapema, au utamu ukiongezwa baadaye, unapata tamu.

Rangi inatoka kwa ngozi ya zabibu. Zabibu nyingi, hata nyeusi, juisi yake haina rangi. Nyekundu huchacha pamoja na ngozi zake. Nyeupe hukamuliwa na ngozi kuondolewa mapema. Ile ya waridi, rozee, hukaa na ngozi kwa muda mfupi tu.

Kuna vitu vinne vya kusikiza mdomoni:

Utamu. Huu unaujua. Unausikia mara tu waini inapogusa ulimi.

Asidi. Ni ule ukali wa ndimu unaofanya mate yatoke. Mate yakijaa kando ya mdomo baada ya kumeza, asidi iko juu. Waini isiyo na asidi ya kutosha huhisi imelala, kama soda iliyoachwa wazi usiku mzima.

Tanini. Hii ndiyo hukausha fizi na ulimi. Umewahi kunywa strungi iliyochemka sana bila sukari? Ule mkauko ndio tanini. Kwa waini hutoka kwa ngozi, mbegu na vijiti vya zabibu, na wakati mwingine kwa pipa la mwaloni. Ndio maana nyekundu inayo kwa wingi na nyeupe karibu haina.

Pombe. Unaisikia kama joto kooni. Waini nyingi kavu ziko kati ya asilimia 11 na 14.5. Zile tamu za kuchangamsha mara nyingi ziko chini ya hapo. Soma lebo, usikisie.

Hapo kwa pombe tulia kidogo tupige hesabu. Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 13 imebeba pombe ya kati ya chupa nne na tano za bia za nusu lita, zile za asilimia 4.2. Glasi ni ndogo, waini inateremka polepole, kwa hivyo watu wanadhani ni kinywaji cha upole. Si cha upole. Ikae kichwani tukiendelea.

Kwa nini ufunike chupa

Ju ubongo wako unaskiza bei kabla ya kuskiza ulimi. Haya yamepimwa na watu.

Tarehe 24 Mei 1976, muuzaji waini Mwingereza aliyeitwa Steven Spurrier alipanga shindano Paris. Majaji tisa Wafaransa, watu wa kazi hiyo, waliletewa waini za Ufaransa na za California bila kuambiwa ni ipi ni ipi. Wakati huo ilijulikana wazi Ufaransa haina mpinzani. Matokeo: nyeupe iliyoongoza ilikuwa Chateau Montelena ya 1973, na nyekundu iliyoongoza ilikuwa Stag's Leap ya 1973. Zote mbili za California. Kama chupa zingeonekana, hakuna jaji angethubutu.

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichukua wanafunzi 54 wa elimu ya waini, wakawapa nyeupe moja iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi walieleza harufu yake kwa maneno ya waini nyekundu. Macho yaliamua, pua ikafuata.

Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti uliokusanya matokeo zaidi ya 6,000 ya kuonja bila kujua bei. Watu wa kawaida, wale hawajasomea waini, hawakupenda zaidi zile za bei ya juu. Kwa wastani walipenda kidogo zaidi zile za bei ya chini. Wale waliosomea ndio walionyesha dalili ya kupendelea za bei.

Maana yake si kwamba waini ya bei ni uongo. Kuna waini zinazogharimu zaidi ju shamba ni dogo, mavuno ni machache na mapipa ni ghali, na ulimi uliozoea unaweza kuyaskia hayo. Swali ni kama ulimi WAKO unayaskia, leo, kwa doh yako. Hakuna wa kukujibia ila glasi isiyo na jina.

Mchango: anza na aliyesota zaidi

Idadi poa ni watu sita wa kuonja, pamoja na refa mmoja. Refa ni nani? Yule rafiki yenu asiyekunywa. Kila mbogi inaye: ameokoka, ni Muislamu, ana mimba, anameza dawa, au ameacha tu. Kwa sherehe nyingi huyu huketi kona akiulizwa mara kumi, "Hata kidogo?" Hapa ndiye mtu muhimu kuliko wote. Atafunika chupa, atamimina, atakusanya alama, na kwa kuwa kichwa chake kiko sawa, ndiye mtaamini hesabu yake. Lakini muulize kwanza kama yuko sawa kushika chupa. Kuna wale imani yao haiwaruhusu hata kumimina, na kuna aliyeacha ambaye harufu tu inamrudisha mbali. Akikataa, kazi ya kumimina mchukue kwa zamu, na yeye aje kwa dishi kama rafiki, na kinywaji chake kizuri kiwe kwa meza.

Kabla ya kutangaza bei kwa grupu la WhatsApp, jiulize nani hana kazi mwezi huu. Muulize pembeni anaweza ngapi, halafu hiyo ndiyo iwe bei ya wote. Ukianza na bei ya mwenye mshahara, yule mwingine atasema ako na shughuli, na haujui kama ni shughuli ama ni rent.

Tuseme mmekubaliana 1,500 kila mtu. Watu sita, hiyo ni 9,000. Chupa nne za karibu 1,000 na moja ya karibu 2,000 ni 6,000. Inabaki 3,000 ya dishi. Refa asilipie waini asiyokunywa. Akituma ya dishi peke yake inatosha. Kama 1,500 ni nyingi, punguza chupa ziwe tatu. Kuonja tatu kwa makini ni bora kuliko kumwaga saba.

Chupa zipi?

Ukiangalia rafu za supamaketi ama duka la wines la mtaani, chupa nyingi zinatoka Afrika Kusini. Huko walianza kitambo: zabibu za kwanza za Rasi zilikamuliwa kuwa waini tarehe 2 Februari 1659. Bei na aina ziko za kutosha, kwa hivyo unaweza kupanga meza nzima kutoka huko:

1. Sauvignon Blanc, nyeupe yenye asidi kali. Tafuta harufu ya nyasi iliyokatwa, pasheni, ndimu, hoho mbichi.
2. Chenin Blanc, zabibu iliyopandwa kuliko zote Afrika Kusini. Ni laini kidogo, yenye harufu ya pera, tufaha, wakati mwingine asali.
3. Pinotage, nyekundu waliyoizalisha wenyewe. Profesa Abraham Perold aliunganisha Pinot Noir na Cinsaut mwaka 1925. Watu husikia zambarau, moshi, na wengine huapa wamesikia ndizi.
4. Cabernet Sauvignon ya bei ya chini, nyekundu nzito yenye tanini.
5. Cabernet Sauvignon ya bei mara mbili. Huu ndio mtego wa jioni. Zabibu ni ileile, rangi ni ileile, bei mbili. Mtajua wenyewe.

Kama mbogi yenu ni ya vitu sweet, toa Chenin Blanc uweke "natural sweet". Hakuna aibu hapo. Wengi walianzia huko, na wengine wamebaki huko kwa raha zao.

Mkitaka ladha ya nyumbani, kuna Leleshwa, waini ya zabibu za Bonde la Ufa. Mtu akitoka Tanzania mtumeni ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hulisikia kama hadithi.

Soma lebo na stempu

Mwaka ulioandikwa kwa lebo ni mwaka wa kuvuna zabibu. Si lazima ya zamani iwe bora. Nyingi za bei yetu zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, na nyeupe ya miaka minane iliyokaa kwa rafu yenye jua pengine imechoka. Ukiona jina la zabibu kwa chupa ya Afrika Kusini, kisheria angalau asilimia 85 ni zabibu hiyo. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya rahisi. Kinafunga hewa vizuri sana na hauhitaji kizibuo.

Angalia stempu ya ushuru ya KRA. Iko pale juu kwa kifuniko au shingoni. KRA wana programu ya simu inaitwa Soma Label; unaskani stempu inakuambia kama ni halali na ni ya bidhaa gani. Stempu imechanika, imebandikwa juu ya nyingine, au bei ni ya miujiza? Rudisha kwa rafu. Hii si kitu cha kuchukulia juu juu. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Methanoli haina rangi, na ikiwa ndani ya kinywaji ulimi hauwezi kuitambua. Mtu akianza kuona ukungu, kutapika sana, au kupumua kwa shida baada ya kunywa, usimpe maziwa, usimwache "alale itoke". Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kupanga meza

Glasi ziwe safi na zisinuke sabuni. Kama hamna za waini, za maji za kioo ziko sawa. Vikombe vya plastiki viepuke, vina harufu yake. Usijipulize marashi mazito siku hiyo. Ukiwasha ubani ama udi, hakuna atakayenusa kitu kingine.

Joto ni muhimu kuliko glasi. Nyeupe iwe baridi, nyuzi 8 hadi 12. Itoe kwa friji kama dakika kumi kabla. Nyekundu ni nyuzi 15 hadi 18. Jioni ya Nairobi mwezi wa Julai, chupa iliyokaa kwa meza iko hapo hapo. Lakini Mombasa, Kisumu, au kejani kwa mabati, weka nyekundu kwa friji dakika 20 hadi 30. Nyekundu yenye joto hupiga pua kwa pombe hadi matunda yanapotea.

Sasa kufunika. Refa atoe vifuniko na vizibo vyote kwanza, ju vinaweza kusaliti chupa. Afunge kila chupa kwa gazeti au mfuko wa kaki kutoka chini hadi shingoni, atie mpira, aandike herufi: A, B, C, D, E. Usitumie namba, zitachanganyana na alama. Nyeupe zipate herufi za kwanza, nyekundu za mwisho, lakini zile Cabernet mbili azirushe mwenyewe na asiambie mtu.

Kila mtu apewe karatasi, kalamu, na glasi ya maji. Weka chapati kavu au mkate katikati wa kusafisha mdomo. Weka pia bakuli kubwa la kutema. Najua unacheka. Waonjaji wa kulipwa hutema siku nzima, la sivyo ikifika ya kumi hawajui wanachosema.

Refa amimine mililita 50 tu, vidole viwili hivi kwa glasi. Ukipiga hesabu, A hadi E ni mililita 250, theluthi moja ya chupa kwa kila mtu, kabla dishi haijaanza vizuri. Inatosha kabisa kuonja.

Kitu kingine: kumimina kufanyike mbele ya wote, na ukienda msalani rudi kwa glasi ambayo mtu unayemwamini ameichunga. Habari za watu kuwekewa mchele hazitokei klabu peke yake.

Kuonja, hatua kwa hatua

Msile tumbo likajaa kabla, na msianze na njaa pia. Viazi karai kidogo au mkate vinatosha.

Angalia. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu iliyo kijana ina ukingo wa zambarau. Ikizeeka inaelekea rangi ya tofali. Nyeupe inafanya kinyume, inakolea dhahabu.

Nusa. Zungusha glasi ikiwa mezani, halafu ingiza pua. Kuzungusha si maringo, kunafungua harufu. Usitafute maneno ya vitabu. Huyo aliyeandika "blackcurrant" alikulia kwao. Wewe umekulia penye zambarau, matomoko, pilipili manga, moshi wa makaa, ngozi ya kiatu kipya, nyasi baada ya mvua. Andika hayo. Kama ni harufu ya duka la fundi viatu Burma, iandike hivyo hivyo.

Ikinuka kadibodi iliyolowa, chupa imeharibiwa na kizibo. Haitakuumiza lakini haina raha. Ikinuka siki, hewa imeingia. Hizo msizipe alama.

Onja. Piga funda dogo, ulizungushe mdomo mzima kama unasukutua. Uliza maswali manne: tamu? mate yanatoka? fizi zinakauka? koo linawaka? Halafu meza au tema, uhesabu ladha inakaa sekunde ngapi.

Andika, kisha nyamaza. Kila chupa alama moja hadi kumi, na sentensi moja. Hakuna kusema kwa sauti hadi kila mtu amalize. Hii sheria ya kimya ndiyo ngumu na ndiyo muhimu. Msee wa kwanza akisema "C ni takataka", watano wengine wameshaharibika.

Dishi inabadilisha kila kitu

Mkimaliza raundi ya kwanza, leteni chakula na mjaribu tena. Hapa ndio wengi hushtuka, ju waini waliyoichukia inageuka.

Nyama choma na nyekundu nzito. Tanini hushikana na protini ya nyama badala ya kushikana na mate yako, na chumvi hupunguza uchungu. Ile Cabernet iliyokukausha fizi ghafla inakuwa laini. Mutura pia inafanya kazi hii vizuri sana.

Samaki na kachumbari na Sauvignon Blanc. Ndimu na nyanya zina asidi. Waini yenye asidi ndogo kuliko chakula huonekana maji. Ya asidi kali inasimama. Lakini nyekundu nzito na samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni.

Vitu vya mafuta, bhajia, sambusa, chipo. Asidi husafisha mafuta. Nyeupe kavu ya baridi iko poa, na ya povu iko poa zaidi.

Pilipili na utamu. Pilipili huongeza ule moto wa pombe, na tanini inazidisha. Kama pilau yenu ina pili pili za kutosha au mmetengeneza kuku wa masala, nyeupe yenye utamu kidogo ndiyo itawaokoa.

Chapo madondo, mukimo, githeri. Chakula laini kinataka nyekundu laini. Pinotage ikae hapa.

Keki na mahamri. Waini lazima iwe tamu kuliko kitindamlo. Ukinywa kavu na keki, utadhani umepewa siki.

Refa naye asipewe maji ya mfereji mkamwachia hapo. Juisi ya zabibu, ukwaju au hibiskasi ya baridi ina asidi na hata tanini kidogo. Aonje na dishi zilezile na atoe maoni yake.

Kufunua

Refa ajumlishe alama na asome mshindi kabla ya kutoa gazeti. Halafu mmoja mmoja, aanze na ya mwisho.

Angalieni zile Cabernet mbili. Kuna matokeo matatu. Ya bei ya chini imeshinda: sawa, kuanzia leo mnajua, na ile elfu moja ya tofauti inaweza kulipa stima. Zimetoshana: vilevile. Ya bei ya juu imeshinda kwa mbali: basi ulimi wenu unaskia tofauti, na siku ya kusherehekea kitu mtainunua bila wasiwasi kwamba mnaibiwa.

Usimcheke aliyeipa natural sweet kumi na Cabernet mbili. Hiyo karatasi ndiyo yenye maana kuliko zote kwa meza, ju amesema ukweli. Na yule wa kuzungusha glasi, kama ameipa chupa yake mwenyewe nne, mcheke kidogo tu. Amelipa mchango kama wengine.

Piga picha ya lebo ya ile uliyoipenda na uandike maneno mawili: aina ya zabibu, na kwa nini. "Chenin Blanc, laini, haichomi." Kuanzia hapo ukiingia dukani una kitu cha kumwambia muuzaji zaidi ya "nipee waini nzuri". Neno "nzuri" humfanya akupe ile anayotaka iishe. "Nyeupe, kavu kiasi, asidi isiwe kali, isipite elfu moja" humfanya afanye kazi.

Iliyobaki, na njia ya nyumbani

Hakuna sheria inayosema chupa ikifunguliwa lazima iishe. Kwa watu sita na chupa tano, mkimaliza kila kitu kila mtu atakuwa ameweka mililita 625, karibu chupa nzima. Hiyo si kuonja tena, hiyo ni kukata maji. Rudisha kifuniko, weka kwa friji, hata nyekundu. Siku tatu hadi tano itakuwa sawa. Ikishaanza kuwa chachu, iingie kwa sufuria ya nyama.

Kunywa glasi ya maji kwa kila glasi ya waini. Kahawa haitoi tei. Inakufanya tu uwe macho ukiwa bado umelewa. Ini hufanya kazi yake kwa mwendo wake, na hakuna supu ya kuliharakisha.

Kwa hivyo usafiri upangwe wakati wa mchango, si saa sita usiku. Aliyekuja na gari aiache au refa aendeshe kama ana leseni. Wa teksi wagawane nauli. Boda usiku ukiwa umewaka ni kamari, hata kama mwenye boda yuko sober, ju kujishikilia ni kazi yako. Kama keja ina sakafu na blanketi, watu walale. Na anayesema "niko fiti, nitafika" kwa sauti ya juu kuliko wengine, huyo ndiye wa kwanza kunyang'anywa funguo.

Na kama katika meza yenu kuna mtu ambaye kila mara hawezi kuachia glasi ya pili, au anakunywa peke yake wiki nzima akingoja wikendi, hiyo si story ya waini. NACADA wana laini ya bure, 1192. Mpatie hiyo namba mkiwa wawili, si mbele ya mbogi.

Mara ya pili

Mkiipenda, fanyeni tena baada ya mwezi mmoja au miwili, na mbadilishe swali. Nyekundu tano za zabibu moja. Nyeupe peke yake. Afrika Kusini dhidi ya Chile. Dodoma dhidi ya Naivasha. Refa wa safari hii awe mwenyeji wa safari ijayo kama anapenda, na mchango ubaki ule wa yule aliyesota zaidi.

Orodha ya kubeba: watu sita na refa, chupa tano zenye stempu, gazeti la jana, kalamu, maji mengi, dishi yenye chumvi na mafuta, bakuli la kutema, na nauli ya kurudi ikiwa tayari kwa M-Pesa. Hiyo nauli tenga kwanza kabla ya kununua chupa hata moja.